Kisu cha tarehe na kisu cha dharura: nani kapitia vyote viwili?

Mama Nasra: Wadada, uzazi wa kwanza niliingia thieta saa nane usiku. Njia ilifika sentimita 8 ikagoma, mtoto akachoka. Sasa nina wiki 36 na daktari kanipangia upasuaji wa kujifungua wiki ya 39. Shemeji anasema kisu ni kisu. Kweli?

Bi Kidawa: Shemeji hajapasuliwa huyo! Mimi wa kwanza dharura: chupa ilipasuka tangu jana yake, nikachanwa niko hoi, kidonda kikatoa usaha, wodini siku 11. Wa pili nilikwenda na mkoba wangu, nikapigwa sindano ya mgongo, nikamsikia mwanangu akilia huku manesi wakibishana habari za daladala. Siku ya 3 niko nyumbani nakunywa uji wa pilipili manga.

Nesi wa Usiku: Bi Kidawa, dharura tusiisingizie yote. Anayekimbizwa thieta mara nyingi keshafika na balaa lake: anavuja damu, au ana kifafa cha mimba. Ila kichwa kikishazama nyongani, kumtoa mtoto kwa juu ni kazi. Mfuko wa uzazi huweza kuchanika, hata kibofu kikaguswa. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotoka 2019 ulikuta wanafariki kama 5 katika kila wanawake 1,000 wanaopasuliwa, mara 50 ya nchi tajiri. Kuuliza kama damu ya kuongezewa ipo si uoga.

Baba Wawili: Si bora awahi basi, wiki ya 37 amalize?

Nesi wa Usiku: Hapana kaka. Uchungu wenyewe husaidia kukausha maji mapafuni mwa mtoto. Ukimtoa mapema bila uchungu, unamkuta pua zinachezacheza, kifua kinabonyea, yuko kwenye oksijeni na mama anakamulia maziwa kikombeni. Ndiyo maana ya 39.

Mama Nasra: Na kusukuma mwenyewe?

Nesi wa Usiku: Wapo wanaoweza, kama kovu la mfuko wa uzazi ni la kukingama, si la wima, na thieta iko jirani. Muulize daktari wako. Ukitaka watoto 5 mwambie pia, maana kila kovu linaongeza hatari ya kondo kung'ang'ania pale. Na uchungu ukianza kabla ya tarehe, usingoje tarehe.

Mama Nasra: Haya, 39. Natafuta ndugu wawili wa kuchangia damu. Shemeji ataanza yeye.