Bakapu ya mtandaoni kwa kompyuta za nyumbani: Dropbox, Backblaze, IDrive au restic?

Kalamu_Tulivu

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita laptopu yangu iligoma kuwaka. Fundi akaitoa diski, akaisoma kwenye mashine nyingine, na sikupoteza hata faili moja. Ila siku tatu alizokaa nayo sikulala vizuri. Humo mna picha za marehemu mama nilizozipiga skani mwenyewe, na karatasi zake zilishaliwa na unyevu. Mna rasimu za tasnifu ya mke wangu. Mna hesabu za kazi zangu za miaka tisa.

Nataka bakapu (nakala ya akiba) ya mtandaoni inayojiendesha yenyewe, maana ile ya kunakili kwenye flashi kila mwisho wa mwezi naikumbuka mwezi mmoja kati ya minne. Hali yangu: kompyuta mbili, yangu ya Windows, ya mke wangu Mac. Jumla ni GB 380, na kati ya hizo GB 240 ziko kwenye diski ya nje ambayo naichomeka mara mojamoja tu. Kasi ya kupakia, yaani kupeleka faili mtandaoni, ni 4 Mbps (megabiti kwa sekunde) siku ikiwa njema.

Ninayoyapima ni haya: kununua nafasi zaidi Dropbox, Google Drive au OneDrive, kuchukua huduma ya bakapu ya Backblaze au ya IDrive, au kumsikiliza rafiki yangu anayesema nikodi nafasi kwenye seva (kompyuta ya kampuni iliyo mtandaoni) nitumie programu ya restic. Matangazo yote yanasema "salama". Nisaidieni kuona tofauti.

Mlinzi_wa_Faili

Pole mkuu, na ushukuru diski ilipona.

Mimi ningeanza kwa kuziondoa Dropbox, Google Drive na OneDrive kwenye orodha. Si kwamba ni mbovu, nazitumia kila siku. Kazi yake ni nyingine: kuhakikisha folda ya kompyuta hii na ya kompyuta ile zinafanana. Ukifuta huku, inafuta na kule, kwa sababu ndicho ulichoiagiza. Faili likiharibika, lililoharibika ndilo linalosambazwa. Zote tatu zina pipa la taka, lakini kwenye akaunti za kawaida za mtu binafsi faili lililofutwa hukaa humo siku 30, kisha basi.

Siku 30 zinaonekana nyingi mpaka yakukute. Nilikuwa nasafisha laptopu, nikafuta folda nikidhani ni nakala ya pili. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilikuja kuitafuta baada ya miezi miwili na nusu, nikakuta imefutwa kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye wingu, yaani kwenye seva za huduma. Huduma ilifanya kile ilichoahidi. Tangu siku ile, swali la kwanza ninaloiuliza huduma yoyote ni hili: faili nililolifuta leo bila kujua, utakuwa nalo kwa muda gani? Nafasi, kasi na bei naviuliza baadaye.

Baba_Zawadi

Nakubaliana na Mlinzi, ila asitupe kila kitu. Tasnifu ya shemeji ni maandishi, haifiki hata GB 1. Google Drive inatoa GB 15 bure, na folda inayojilinganisha inamsaidia kwa jambo moja ambalo bakapu ya usiku haiwezi: akihifadhi saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja nakala iko nje ya kompyuta. Aendelee nayo kwa kazi ya kila siku, bakapu yenyewe iwe kitu kingine juu yake.

Nyaya_na_Seva

Nimetumia Backblaze na IDrive zote mbili kwa muda mrefu, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Backblaze unalipia kwa kompyuta, na nafasi haina kikomo. Unaiweka, inachukua karibu kila kitu isipokuwa mfumo wa uendeshaji na programu, na huhitaji kuchagua folda. Kwa mtu asiyetaka kufikiria, sijaona iliyo rahisi zaidi. Ukipoteza vyote, unaweza kupakua au kuwaomba wakutumie diski yenye faili zako kwa posta. Lakini soma sehemu ya diski za nje kwa makini. Mpangilio wake wa kawaida unatunza matoleo ya zamani ya faili (zilivyokuwa kabla hujazibadilisha) na faili zilizofutwa kwa siku 30, na diski ya nje isipochomekwa kwa muda huo inahesabiwa kuwa imeondolewa, hivyo nakala yake inafutwa. Unaweza kurefusha muda huo hadi mwaka mmoja, au milele kwa malipo ya ziada, na ukiichukua fanya hivyo siku ya kwanza. Wewe umesema diski yako unaichomeka mara mojamoja, na humo ndimo zilimo GB 240. Ukiacha mpangilio ulivyo, utajikuta unalipia bakapu ya GB 140.

IDrive inakwenda kinyume chake: unalipia kiasi cha nafasi, kisha unaunganisha kompyuta na simu nyingi utakavyo kwenye akaunti moja. Kwenu, kompyuta mbili zingekaa pamoja bila shida. Inatunza hadi matoleo 30 ya faili, na ulichokifuta kwenye kompyuta hakifutwi kule mpaka wewe mwenyewe uagize usafi. Hilo ndilo linalonivutia. Ubaya wake ni kwamba takataka zinaendelea kula nafasi usipozisafisha, na dirisha la programu lina vitufe vingi mno. Pia hapa folda unazichagua wewe. Usichokichagua hakiendi.

Kwa hali uliyoieleza mimi ningechukua IDrive. Ungekuwa na kompyuta moja yenye kila kitu ndani na hakuna diski ya nje, ningesema Backblaze bila kusita.

Kalamu_Tulivu

Mkuu Nyaya, hiyo ya diski ya nje sikuiona kabisa kwenye tangazo. Asante sana. Vipi kuhusu muda wa kupakia? Na wafanyakazi wa kampuni hawataona picha zangu?

Mlinzi_wa_Faili

Muda tuupige hesabu. Kila Mbps 1 ikifanya kazi mchana na usiku inabeba takriban GB 10.8 kwa siku. Wewe una 4, kwa hiyo karibu GB 43. GB 380 zitachukua siku tisa mfululizo, laptopu ikiwa haijalala hata kidogo. Ukiiacha ifanye kazi usiku tu, weka wiki tatu au nne. Ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo yanakwenda mabadiliko peke yake.

Mambo mawili. Zima mpangilio wa kompyuta kujilaza ikiwa kwenye umeme, maana hapo ndipo wengi wanapokwama wakidhani huduma ni polepole. Na anza na folda ya picha za mama. Zikishaingia zote, ndipo uongeze nyingine. Usiiachie programu ianze na video za mafunzo ulizoshusha mtandaoni, ambazo unaweza kuzishusha tena.

Kama unatumia bando lenye kikomo, weka pia ukomo wa kasi ndani ya programu, la sivyo bakapu itakula kila kitu na mke wako hataweza kufungua hata barua pepe.

Bi_Skani

Kaka Kalamu, hilo la nani anaona picha ni swali zuri. Huduma zote hizi husimba faili, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo. Suala ni ufunguo anao nani. Kwa kawaida wanautunza wao, na ndiyo maana ukisahau nenosiri wanaweza kukurudisha ndani. Backblaze na IDrive zote zinakuruhusu kuweka ufunguo wako binafsi ambao wao hawautunzi. IDrive inakuuliza unapofungua akaunti, kwa hiyo uwe umeshaamua kabla hujafika pale. Kwa Backblaze, ukirejesha faili kupitia tovuti yao, unalazimika kuandika ufunguo huo kwenye tovuti, jambo ambalo baadhi ya watu hawalipendi.

Ukiweka ufunguo binafsi kisha ukaupoteza, hakuna mtu duniani atakayekufungulia. Mimi ni mtunza kumbukumbu kwa kazi, na nimewaona watu wenye bakapu kamili, isiyo na kasoro, wasioweza kuifungua. Inauma kuliko kutokuwa nayo. Ukiamua kuuweka, uandike kwenye karatasi mbili, moja akae nayo mtu unayemwamini nje ya nyumba. Usiuhifadhi ndani ya laptopu ileile unayoifanyia bakapu.

Kwa picha za familia, ushauri wangu wa kweli: kama hujiamini kutunza ufunguo, waachie wao. Hatari ya wewe kuusahau baada ya miaka sita ni kubwa kuliko hatari ya mfanyakazi fulani kutazama picha za mama.

penguini_wa_pwani

Hapo kwenye ufunguo sikubaliani na dada Bi_Skani, lakini naelewa anakotoka.

Rafiki yako hajakosea kuhusu restic. Ni programu huria, ya bure, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Inasimba kila kitu kabla hakijatoka kwenye kompyuta yako, na kipande kinachojirudia inakihifadhi mara moja tu, kwa hiyo ukihamisha folda nzima kutoka sehemu hadi sehemu haipakii upya. Matoleo unayatunza utakavyo: ya kila siku kwa wiki, ya kila mwezi kwa mwaka, ya kila mwaka milele. Nafasi unakodi popote, hata Backblaze wenyewe wanayo inayoitwa B2 kwa ajili hiyo. Ukichoka na mwenye seva, unahama na programu ni ileile.

Na sisi wa Linux hatuna chaguo kubwa. Backblaze ya watu binafsi haipo kwa Linux.

Sitamdanganya mwenzetu: restic ni ya kuandika amri. Haina dirisha la kubofya, ratiba unaipanga mwenyewe, na ikishindwa usiku haitakupigia kelele usipoifundisha. Ukitaka kitu cha jamii hiyo chenye madirisha, jaribu Kopia au Duplicati.

Nyaya_na_Seva

Penguini, kila ulichosema ni kweli, ila mwenzetu amesema flashi anaikumbuka mwezi mmoja kati ya minne. Mtu huyo usimpe kitu kinachohitaji uangalizi. Nimeona bakapu za kujitengenezea zilizokufa kimya miezi minane kabla ya mwenyewe kujua.

penguini_wa_pwani

Hapo umenishika. Kwa Kalamu nabadilisha kauli: huduma iliyo tayari kwanza, restic siku akiwa na hamu nayo.

Mzee_wa_Diski

Wanangu mmezungumza vizuri, lakini wote mnaongea kama wingu haliwezi kuanguka. Mnaikumbuka huduma ya bakapu ya CrashPlan? Ilikuwa na watu wengi wa majumbani. Agosti 2017 wakatangaza kwamba hawaendelei na huduma ya majumbani, na Oktoba 2018 ikazimwa. Walitoa muda wa kuhama, ndiyo, lakini kwa mtu mwenye mtandao mdogo kupakia upya data ya miaka ni kazi ya miezi. Mozy nayo ilinunuliwa na Carbonite mwaka 2018 na haipo tena. Na tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Waliokuwa na bakapu mahali pengine walirudi. Waliokuwa na seva na bakapu palepale walipoteza vyote.

Kwa hiyo mwanangu Kalamu, hata ukichukua IDrive, nunua diski ya nje ya pili na unakili humo ile ya kwanza pamoja na faili za kompyuta zenu. Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya nyumba. Kanuni hiyo ya 3-2-1 aliieneza mpiga picha Peter Krogh, na haijazeeka. Diski hiyo ya pili usiiache imechomekwa, kwani kirusi cha kudai fidia kama WannaCry cha Mei 2017 hufunga kila kinachoonekana kwenye kompyuta, diski ya nje ikiwemo. Siku moja laptopu ikifa, utarejesha GB 380 kwa saa chache kutoka kwenye diski, na wingu utaliacha kwa siku ya moto au wizi.

Bi_Skani

Shikamoo Mzee. Naongeza neno moja: akimaliza kupakia, ajaribu kurejesha. Si faili moja, folda nzima, na kwenye kompyuta nyingine. Afungue picha moja moja, asiridhike na kuona majina.

Kalamu_Tulivu

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Narudi baada ya wiki tano kama nilivyoahidi baadhi yenu faraghani.

Nimechukua IDrive, kompyuta zote mbili, ufunguo nimewaachia wao. Diski ya pili nimenunua, iko kabatini, naichomeka Jumapili. Tasnifu inaendelea kujilinganisha Google Drive kama alivyosema Baba Zawadi. Upakiaji ulichukua siku 26, usiku tu.

Jana nikafanya jaribio la Bi Skani kwenye Mac ya mke wangu. Nikarejesha folda yote ya picha, tukakaa wawili tukazifungua. Za harusi zipo, za shule zipo, zinafunguka vizuri. Tulipofika za mama, mke wangu akauliza iko wapi ile aliyosimama mlangoni na kitenge cha buluu. Haikuwepo. Nikarudi kwenye laptopu, nikaikuta: kundi la kwanza kabisa nililolipiga skani, mashine ya skani ililiweka kwenye folda yake yenyewe, nje ya zile nilizozichagua. Picha 61. Hata kwenye diski ya pili hazikuwepo.

Nimeichagua folda hiyo jana usiku, na leo asubuhi nimeirejesha kwenye Mac. Ya kitenge cha buluu imefunguka. Sasa napitia folda nyingine za diski C moja moja, nimefika kwenye herufi M.