Mshipi wa Wametisi: mgeni aufunge au auache?

MamaBaridi: Wadau, nisaidieni kabla sijagombana na mume wangu. Tuko Winnipeg, Kanada, mwaka wa sita sasa. Kila Februari kuna Festival du Voyageur kule Saint-Boniface, na Jumatatu ya tatu ya mwezi huo ni sikukuu ya Louis Riel, yule kiongozi wa Wametisi. Mume wangu kamnunulia mwanetu ule mshipi mwekundu wa sufu wenye matamvua, na mtoto haufungui tena, hata dukani anao. Jirani yetu Mmetisi kamwona, kacheka, kamfundisha kuufunga vizuri. Ila mwenzangu kazini kanikalia kooni: si pambo la sherehe ule, ni alama ya taifa, mgeni asiuguse. Nimwache au nimvue?

MpembaWaToronto: Mvue, dada. Wametisi walitokana na wanawake wa Kikri na Kiojibwe na wanaume wa biashara ya ngozi, Wafaransa na Waskoti, mpaka wakawa taifa lenye lugha yake, Michif. 1869 walisimama Red River kutetea ardhi yao. 1885 wakapigana na jeshi la serikali kule Batoche, wakashindwa, Riel akanyongwa Winnipeg. Baadhi ya mishipi ya siku hizi ina uzi mweusi, na wenyewe wanasema ndiyo miaka ile ya kunyang'anywa. Sasa mtoto wetu anajifungia msiba wa nani?

ShemejiMkavu: Alinyongwa Regina, tarehe 16 Novemba 1885. Winnipeg alizikwa. Ukitaka kukataza watu kitu, kwanza ujue marehemu alifia wapi.

MpembaWaToronto: Haya, Regina. Kamba imebadilika?

FundiUkili: Mnauzungumza kama umezaliwa matangani. Ulikuwa chombo cha kazi! Mpiga makasia alifungia koti baridi isipenye, akabebea mzigo, akafungia jeraha. Nguo ikichanika anachomoa uzi kwenye matamvua anashona. Mmoja unafika mita 3. Tena si Wametisi peke yao. Kule L'Assomption, Quebec, wanawake waliusuka kwa vidole bila kitanda cha mfumi, kama bibi yangu na ukili wake. Baadaye Hudson's Bay, ile kampuni ya biashara ya ngozi, wakawa wanaagiza ya mashine kutoka Uingereza. Hata Bonhomme, yule mtu wa theluji wa karnivali ya Quebec, kaufunga. Huyo naye mtamvua? Kwetu tungeuita mahazamu, tukaendelea na kahawa.

ChaiMoto: Kwani Wametisi si machotara tu? Mwanangu baba yake Mjerumani. Basi naye Mmetisi, afunge mpaka shingoni, mjadala umekwisha 😂

BinKivu: "Tu"? Dada, hapo umenigusa pabaya. Kongo tunalijua neno metisi. Wakati wa Wabelgiji watoto wa baba mzungu na mama mweusi walipokonywa mama zao, wakapelekwa misheni. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni. 2024 wanawake watano wakashinda rufaa Brussels, mahakama ikasema ni jinai dhidi ya ubinadamu. Nawe unaweka kikatuni cha kucheka.

ChaiMoto: Kaka, mimi ndiye ninayemlea huyo chotara. Mimi ndiye ninayeulizwa kwenye basi kama ni yaya wake. Sihitaji ruhusa ya mtu kucheka.

BinKivu: Sijakunyima kucheka. Nimekunyima "tu".

ShemejiMkavu: Mnapigania maneno mawili yanayofanana sauti. Mmetisi wa Kanada si kila mwenye damu mbili. Katiba yao ya 1982, kifungu cha 35, inawataja kama wenyeji. Kesi ya Powley, 2003, Mahakama ya Juu ikaweka vipimo: ujitambulishe, uwe na ukoo unaofika kwenye jamii yao ya zamani, na jamii yenyewe ikukubali. Mtoto wa ChaiMoto hana hata kimoja.

ChaiMoto: Mtoto wangu mwacheni.

FundiUkili: Ulimleta mwenyewe, mama. Ila Shemeji kagusa penyewe. Kuna watu huko mashariki, Quebec na Nova Scotia, wamegundua bibi mmoja wa karne ya 17, leo ni Wametisi na mshipi juu. Hao ndio wanaowachefua Wametisi wa magharibi ya Kanada, si mtoto mwenye jaketi.

MpembaWaToronto: Fundi, narudi kwenye mahazamu, sijalala. Mahazamu hufungwa na mtu mzima aliyetimia, na jambia yake kiunoni. Si kitu cha kwendea kahawa. Unatuvunjia heshima.

FundiUkili: Babu yangu alifunga mahazamu hana jambia wala kisu cha kumenyea chungwa.

MpembaWaToronto: Basi hicho kilikuwa kikoi, akakuficha.

BinKivu: 😂 Sasa hapo mimi nacheka.

ShemejiMkavu: Weka picha ya babu.

FundiUkili: Iko Tanga kwa shangazi. Naitafuta.

MamaBaridi: Jamani, samahani kuwakatiza. Mume wangu kaufua kwa maji ya moto. Sufu imerudi, umebaki kama tai ya shule, na mtoto analia tangu asubuhi. Jirani kasema atamletea mwingine.

MpembaWaToronto: Jirani yupi, yule Mmetisi?

MamaBaridi: Ndiye. Fundi, picha ya babu vipi?