"Ongeza sleep"! Mbele ya bosi! Wakuu, leo nimedhalilishwa

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki. Huyo mwenzangu wa timu simtaji, mnamjua, yule yule wa hedifoni shingoni.

Nimeandika jaribio la myuteksi ya maktaba yetu ya programu, yaani kufuli linaloruhusu thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) moja tu kuingia kwa wakati. Thredi ya kwanza inashika kufuli, ya pili inaita pthread_mutex_trylock, lazima irudishiwe EBUSY, yaani "kufuli lina mtu". Nimeweka na pthread_barrier_wait, ya pili haianzi mpaka ya kwanza iwe imeshashika. Inarudi sifuri, yaani nayo imeshika! Yaani zote mbili zimo ndani, zinaandika kaunta moja.

Bwana yule, hata kodi ya programu hajafungua, anasema: "Ongeza sleep(1), itapita." Akacheka. Timu nzima ikacheka. Sleep inachelewesha tu, haimzuii mtu kuingia! Na lile jaribio la ERRORCHECK (myuteksi inayokagua makosa), la thredi ile ile kushika kufuli mara mbili upate kosa la EDEADLK, kalifuta eti linajaza nafasi. Ongeza sleep! Mbele ya bosi!

Fundi_Seva: Punguza jazba mkuu. Umempelekea EBUSY bosi anayejua Excel tu, ulitegemea nini?

BintiKompaila: Washa -fsanitize=thread, kompaila ikunasie thredi zinazogongana, umfunge mdomo.

Mleta uzi: Nimewasha, skrini nzima maonyo. Kasema chombo kinaongopa! Mwaka 1997 Pathfinder, chombo cha NASA, ilikuwa inajizima na kujiwasha huko Mars: thredi ya kipaumbele cha chini imeshika myuteksi, ya juu inasubiri. Walitengeneza wakiwa duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele, yaani iliyoshika inaazima kipaumbele cha inayosubiri. Yeye angewaambia waongeze sleep!

Kaka_Kori: Haya, sasa tumefika Mars 😂😂

mzee_wa_C: Wako ana nafuu. Wa kwetu thredi A inafunga, thredi B inafungua, ukimuuliza anajibu "si limefunguka?" Ukiweka ERRORCHECK inakuja EPERM, yaani "huna ruhusa", anakulaumu wewe.

Fundi_Seva: Nyie mna majaribio, mshukuruni Mungu. Sisi tunajaribia kwa wateja, Ijumaa jioni.

BintiKompaila: Ijumaa hiyo mshahara unaingia? Kwetu tunaambiwa "wiki ijayo" tangu Pasaka.

Mleta uzi: Jamani, mada ni sleep. Alicheka!

mzee_wa_C: Tangu Pasaka?! Hameni hapo dada.

Kaka_Kori: Nani anauza laptopu ya kori nane? Yangu mbili, nikikompaili feni inanguruma mpaka mtoto anaamka.

Fundi_Seva: Ninayo, ila betri imekufa. Njoo PM.