Naomba ushauri: nawapataje wanunuzi, siyo wauzaji wenzangu?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi na wenzangu watano hapa Mwanza tunasindika vyakula: siagi ya karanga, unga wa lishe, asali, dagaa wa kukaanga. Mwezi uliopita tuliandaa jioni ya wafanyabiashara kufahamiana, tukatupia tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, kiingilio bure. Walikuja watu 34. Tisa ni mawakala wa bima, na jamaa mmoja wa virutubisho alisimama mlangoni akigawa vipeperushi vyake kama vile shughuli ni yake! Mnunuzi hata mmoja hakutokea. Pilau ilikwisha, kadi zetu tukarudi nazo.

Safari hii nataka watu 15 tu: wenye supamaketi, wanaonunulia mahoteli bidhaa, wasambazaji wanaopeleka mizigo Geita na Bukoba. Nawaza kupeleka barua kwa mkono, na kichupa cha siagi juu yake. Je, kiingilio cha shilingi 10,000 kitachuja watu, au kitawakimbiza haohao ninaowataka? Nipitie SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) au TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) waniunganishe? Na mwenye duka anayefunga saa tatu usiku, nimwalike saa ngapi? Mliowahi kufanya hili nielekezeni.