Maji nyuzi 104.5, haidrojeni salfaidi nyuzi 92: tofauti hii inatoka wapi?

Muulizaji: Habari zenu, ndugu. Wiki ijayo nitawafundisha kidato cha tano maumbo ya molekuli, na kuna jambo limenitatiza. Nadharia ya kusukumana kwa jozi za elektroni inaeleza vizuri kwa nini pembe kati ya bondi za methani ni nyuzi 109.5, ya amonia takriban 107 na ya maji 104.5, kwa kuwa jozi huru, yaani zisizofunga bondi, husukuma zaidi kuliko jozi za bondi. Lakini haidrojeni salfaidi nayo ina jozi huru mbili na bondi mbili, na pembe yake ni nyuzi 92 tu. Mwanafunzi akiuliza, nimjibu nini?

Jibu la 1: Mwalimu, anza kwa kufunga maputo manne kwenye fundo moja: hata ukiyakandamiza mezani, ukiyaachia yatarudi kuelekea pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu. Maputo ni jozi za elektroni zinazosukumana; hilo ndilo wazo la wanakemia Sidgwick na Powell la mwaka 1940, ambalo Gillespie na Nyholm walilikuza mwaka 1957. Salfa ni atomu kubwa kuliko oksijeni, na haivuti elektroni kwa nguvu kama oksijeni, kwa hiyo jozi za bondi hukaa mbali na kiini chake, upande wa haidrojeni. Zikiwa huko hazisukumani sana, na jozi huru huzibana kwa urahisi.

Jibu la 2: Nakubaliana na mwenzangu, ila ningeligeuza swali lenyewe. Obitali, yaani maeneo ya atomu ambamo elektroni hukaa, za aina ya p zimekaa kwa nyuzi 90, na salfa hufunga bondi zake kwa obitali hizo karibu zilivyo, kwa sababu kuchanganya ndani yake obitali ya aina ya s kuna gharama ya nishati ambayo bondi zake, zilizo hafifu kuliko za oksijeni, haziirudishi. Kwenye maji bondi ni fupi, pikomita 96 dhidi ya 134, haidrojeni zinasongamana, na pembe inapanuka. Kwa hiyo cha kuelezwa ni maji. Tafadhali usiwaambie vijana kwamba pembe ni 104.5 “kwa sababu oksijeni ni sp3”, yaani obitali moja ya s iliyochanganywa na tatu za p. Mchanganyiko wa obitali, alioueleza mwanakemia Pauling mwaka 1931, ni namna ya kuielezea pembe ambayo imekwisha kupimwa. Tena, vipimo vya kung'oa elektroni kwa mwanga vinaonyesha kwamba jozi huru mbili za maji hazilingani: moja hung'oka kwa nishati ya elektroni-volti 12.6, nyingine kwa 14.7. Ule mchoro wa jozi mbili zinazofanana kama masikio ya sungura hauwezi kulieleza hilo.

Muulizaji: Nimeelewa, ahsanteni sana. Basi nitaandika pembe zilizopimwa ubaoni kwanza, kabla ya kutaja nadharia yoyote.

Jibu la 2: Ongeza haidrojeni selenaidi, takriban nyuzi 91, na teluraidi, takriban 90. Wakiziona zote nne kwenye safu moja, wataliuliza wenyewe swali la maji.