Pikapu ya zamani ya kazi inakunywa petroli kupita kiasi, nianzie wapi?

MzigoMzito

Wakuu, naomba ushauri wa wanaojua. Pikapu ya 1997, petroli, injini lita 2.4 EFI (petroli inapimwa na kompyuta, si kabureta), gia tano za mkono, foo-wili. Inabeba vifaa vya ujenzi. Juu ya kabini kuna kerea ya ngazi, nyuma kuna boksi la vifaa ambalo halishuki, jumla kama kilo 140. Nikigawa kilomita za dashibodi kwa lita nilizojaza napata 6.5 kwa lita. Kwa kazi hiyo hiyo ilikuwa inacheza kwenye 9.

Oili na filta ya hewa ni mpya, taa ya injini haiwaki. Tairi zilizofungwa sasa ni 235/75R15, kibandiko cha mlangoni kinasema 205/70R15. Upepo naweka psi 30 zote nne.

Nimeshauriwa mambo matatu: kufunga sumaku kwenye paipu ya mafuta, kutoboa katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), na kubadili nozeli zote. Lipi lina maana kati ya hayo?

---

SpanaKumiNaTatu

Kwanza rekebisha hesabu, maana hiyo 6.5 yako si 6.5.

Tairi la 205/70R15 lina kipenyo cha milimita 668. La 235/75R15 ni karibu 734, yaani kubwa zaidi kwa asilimia 10 hivi. Kila likizungusha mzunguko mmoja gari limekwenda mbali kuliko odomita inavyojua, kwa hiyo zidisha kilomita zako kwa 1.1. Unapata kama 7.1 kwa lita. Kama ile 9 ilipimwa na tairi za zamani, sehemu ya hasara uliyoiona ni ya kwenye karatasi tu. Ila usishangilie sana: tairi kubwa limekurefushia gia zote kwa asilimia hiyo hiyo, ni zito zaidi, na mzigo ukiwa nyuma unajikuta unapanda mlima kwa gia ya tatu pale ambapo ya nne ingetosha. Seti hii ikiisha, rudi kwenye saizi ya kibandiko.

Kupima: jaza mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Sifurisha odomita ndogo. Rudia kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama vile vile. Chukua wastani wa matangi matatu. Tangi moja halisemi kitu, kwa sababu tofauti ya lita tatu inaweza kutokana na namna gari lilivyoinama tu.

Sasa gari lenyewe. Kwenye pikapu za umri huu naanza na vitu viwili kabla ya kufungua plagi hata moja: injini inapata moto wa kutosha? Na magurudumu yanazunguka huru?

*Moto wa injini.* Themostati ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haifiki joto lake la kazi. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma baridi, inaendelea kuongeza petroli kama vile ni asubuhi gari limewashwa sasa hivi. Taa ya injini haiwaki kwa sababu hakuna sensa iliyokufa. Sensa inasema kweli. Angalia mshale wa temperecha ukiwa barabara kuu, si kwenye foleni. Ukishuka unapokimbia na kupanda unaposimama, themostati ni mshukiwa namba moja. Na kama kuna fundi aliyeitoa "ili gari lisichemshe", umeshapata jibu.

Usiuamini mshale peke yake. Kwenye magari mengi ya miaka hiyo kuna sensa mbili za joto: ya waya mmoja inapeleka habari kwenye mshale, ya waya mbili inapeleka kwenye kontroli boksi. Chomoa soketi ya ile ya waya mbili na upime kwa multimita upande wa sensa. Kwa kawaida injini ikiwa na nyuzi 20 utaona kilo-omu 2 hadi 3, na ikifika nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 mpaka 400. Ikibaki juu ya hapo baada ya safari ndefu, ama injini ni baridi kweli, ama sensa inadanganya. Kipimajoto kwenye mpira wa juu wa rejeta kitakuamulia ni lipi.

*Magurudumu.* Endesha kilomita kumi ukikwepa breki kadiri unavyoweza, kisha simama kwa kuliachia gari lipungue lenyewe. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hilo linashikwa. Piga jeki, weka stendi, gia huru, hendibreki chini, kanyaga breki mara moja, achia, zungusha kwa mkono. La mbele likizungushwa kwa nguvu kidogo liende mzunguko mmoja au zaidi. Likigoma, usikimbilie kununua kalipa. Fungua kidogo nipeli ya kutolea upepo:

– Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru hapo hapo, presha ilikuwa imefungiwa ndani. Funga nipeli, kanyaga breki tena, kisha legeza muunganisho wa paipu ya chuma juu ya mpira wa breki. Gurudumu likibaki gumu, mpira umevimba kwa ndani. Unapitisha mafuta ukikanyaga lakini hauyaachii kurudi. Likilegea, tatizo liko juu zaidi, yaani masta silinda, au fimbo ya pedeli haina uchezaji.

– Nipeli ikifunguliwa na gurudumu likabaki gumu, ni chuma kwa chuma: pistoni ina kutu au pini za kuteleza zimekauka. Pini zisafishe na uzipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake na utarudi pale pale.

Nyuma kwenye ngoma, chunguza kebo ya hendibreki kabla ya kurekebisha brekishuu. Kebo iliyokwama inashikilia shuu nusu nusu na wewe hujui.

---

VoltiMoja

Naunga mkono yote, nijazie upande wa umeme.

Plagi moja inayomisi inakula mafuta mara mbili. Petroli yake haiungui, hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili wengi hawaijui: hewa ya silinda ile inatoka na oksijeni yake kamili, sensa ya oksijeni inadhani mchanganyiko una hewa nyingi, na kontroli boksi inaongeza mafuta kwenye silinda zote nne. Kwa hiyo pima waya za plagi. Zaidi ya kilo-omu 25 kwa waya mmoja, badilisha seti nzima. Usiku, injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kama ukungu juu ya waya na kofia ya distribyuta. Ukiona cheche za buluu zinarukaruka, umeme unavuja. Usiguse kitu kwa mkono hapo.

Tundu la ekzosi kabla ya sensa linaleta udanganyifu huo huo, kwani hewa ya nje inavutwa ndani kati ya pigo na pigo. Sikiliza tiki-tiki kwenye manifoldi injini ikiwa ya baridi.

Sensa yenyewe: injini ya moto, shikilia mizunguko 2,500, pima waya wa ishara. Inatakiwa iruke kati ya volti 0.1 na 0.9, mara nane hivi au zaidi ndani ya sekunde kumi. Ikijikokota, imechoka. Sensa iliyochoka bado inatoa volti, ndiyo maana taa haiwaki.

Halafu kuna kitu cha dakika moja ambacho mafundi wengi hukiruka. Kwenye rejuleta ya presha ya mafuta kuna mpira mwembamba wa vakyumu. Uchomoe, injini ikiwa inafanya kazi. Ukinusa au kuona petroli ndani yake, diaframu imechanika na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia mpira huo bila nozeli kuhusika hata kidogo.

Kuhusu ushauri uliopewa:

Sumaku, hapana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa mia moja vinavyodaiwa kuokoa mafuta na halikupata kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana.

Kutoboa katalisti, hapana, isipokuwa umethibitisha imeziba, na hata hapo unaibadilisha, huitoboi. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Kwenye silensa (injini inaunguruma bila kukanyaga ekseleta) injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, mshale umetulia. Panda mpaka 2,500 ushikilie. Vakyumu ikianza kuporomoka taratibu, ekzosi haipumui.

Nozeli, labda, lakini mwishoni. Kuosha na kupimwa mtiririko kwanza. Kubadili seti bila kupima ni kamari.

---

FiltaKwanza

Nyote mmeruka filta ya hewa na kusafisha MAF, sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Filta chafu inamaliza mafuta, hilo linajulikana.

---

VoltiMoja

Linajulikana tangu enzi za kabureta, na huko ni kweli. Kwenye EFI kontroli boksi inapima hewa iliyoingia na kupima mafuta kulingana nayo. Filta ikiziba unapoteza nguvu. Petroli kwa kilomita haibadiliki sana. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili 2009 na ikakuta hivyo. Ibadilishe kwa ajili ya uhai wa injini, sawa. Isitoshe mwenye mada ameshabadilisha.

MAF naikubali, ila aangalie aina kwanza. Ya waya wa moto isafishwe kwa spreyi yake maalumu bila kugusa waya, isubiriwe ikauke kabisa. Baadhi za umri huu ni za kilango kinachosukumwa na hewa. Hizo ukizimwagia spreyi hupati kitu. Zinataka kilango kirudi chenyewe bila kukwama.

---

NyumaPaMzigo

Psi 30 zote nne kwa gari la mzigo si sahihi. Kibandiko cha mlangoni huwa kinatofautisha mbele na nyuma, na kwa gari tupu na lenye mzigo. Ila kimeandikwa kwa tairi za saizi yake, kwa hizo zako pata jedwali la mtengenezaji wa tairi. Pima asubuhi zikiwa baridi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kipimo cha kujaza. Makadirio ya idara ya nishati ya Marekani ni hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua kwa wastani wa tairi zote, kwa hiyo psi nane ni asilimia moja na nusu hivi. Si muujiza, lakini ni bure.

Kilo 140 zisizoshuka: idara hiyo hiyo inakadiria asilimia 1 kwa kila kilo 45. Kerea inauma zaidi ya uzito wake, kwa sababu ya upepo. Ngazi zisipotumika leo, zishuke. Mlango wa nyuma usiushushe ukidhani unapitisha upepo. Ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na upepo wa juu unateleza juu yake.

Na dereva: akiteremka mlima asiweke huru. EFI ikiwa kwenye gia na ekseleta imeachiwa, nozeli zinafungwa kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na silensa. Ukiweka huru injini inaendelea kunywa ya silensa, na breki ndizo zinabeba mzigo wote.

---

MzigoMzito

Ahsanteni sana. Majibu ya vipimo: mshale unakaa chini kidogo ya robo barabara kuu, unapanda nikisimama. Sensa ya waya mbili baada ya dakika 20 za mwendo inasoma omu 720. Gurudumu la mbele kulia lina moto, gumu kuzungusha; nipeli ikifunguliwa linakuwa huru. Nikilegeza paipu juu ya mpira linabaki gumu. Vakyumu 18, imetulia, na 2,500 haishuki. Mpira wa rejuleta mkavu. Waya za plagi: 11, 12, 14, na mmoja 31.

---

SpanaKumiNaTatu

Umemaliza kazi ya fundi, sasa ni vipuri.

Omu 720 ni kama nyuzi 55 hivi, na inaafikiana na mshale. Sensa ni nzima, themostati imekwama wazi. Nunua yenye namba ya joto iliyo kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 82 au 88. Kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uone inaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Ile pini ndogo inayochezacheza iwe upande wa juu, hapo ndipo hewa inapotokea. Ikikaa chini, povu la hewa linabaki kwenye kichwa cha injini. Jaza kulanti hita ikiwa wazi.

Gurudumu la kulia ni mpira wa breki. Badilisha ya mbele yote miwili, kwa sababu wa kushoto una umri ule ule, na wakati huo huo ukague brekipedi ya kulia, huenda imelika au imeungua. Toa upepo mpaka mafuta yatoke safi bila povu.

Waya wa 31 uondoke na wenzake wote watatu. Plagi zitoe uziangalie. Za injini inayokwenda baridi zitakuwa na masizi meusi makavu. Kama kauri haijapasuka zinasafishika, lakini kwa bei ya plagi mimi ningeweka mpya, uwazi kama kitabu kinavyosema.

Sensa ya oksijeni usiinunue bado. Imekula masizi kwa muda mrefu, inaweza kujisafisha injini ikishapata joto lake. Ipime tena baada ya tangi la kwanza.

---

MzigoMzito

Na nozeli?

---

SpanaKumiNaTatu

Matangi matatu kwanza, kilomita zikizidishwa kwa 1.1. Ukipita 8.5 na kerea ikiwa juu, ziache.