Kitabu kina mihuri mitano, mbwa hana kinga hata moja. Tunapigwa kwenye chanjo za mbwa

Wakuu, mods msiuhamishie huu uzi jukwaa la kuku tafadhali, una roho za watu ndani yake.

Muulize mwenye mbwa yeyote mtaani kama mbwa wake kachanjwa, atakutolea kitabu kabatini kwa mbwembwe. Kifungue. Muhuri upo, saini ipo kama ya mtu anayekimbizwa, na pembeni neno moja: CHANJO. Chanjo ya nini? Kimya. Ya kampuni gani, toleo namba ngapi, inaisha muda lini? Kimya. Kichupa halali cha dozi moja kwa kawaida kina stika inayobanduka, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Inabanduliwa mbele yako, inabandikwa kitabuni, ndipo muhuri unapigwa juu yake. Kama stika hamna, umenunua wino.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watu wanapoanza kuingizwa mjini. Tanzania Bara, chanjo ambayo mwenye mbwa anadaiwa na serikali ni moja tu: ya kichaa cha mbwa, na inadaiwa kila mwaka. Iko chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo zake juu ya hapo. Majirani zetu Kenya wana sheria nzima ya kichaa peke yake, Sura ya 365. Nyingine zote ni za kushauriwa. Hakuna mgambo atakayekugongea geti kuuliza parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika unaomaliza vibwa. Lakini hizo za kushauriwa ndizo zinazoamua kama yule mtoto wa mbwa uliyemnunua laki kadhaa atafika miezi mitano.

Sasa angalieni mchezo. Mtu analeta mbwa, anachomwa ile ya "tano kwa moja", anaambiwa "huyu kamaliza". Kamaliza nini? Someni herufi kwenye kichupa: DHPPi na L. D ni distempa, virusi vinavyoshika mapafu, tumbo na ubongo. H ni homa ya ini ya mbwa. P ni parvo. Pi ni parainfluenza, kikohozi hicho. L ni leptospira, ile tunayoiita homa ya mgunda. Kichaa kiko wapi hapo? Hakipo, mpaka uione herufi R. Mbwa anaweza kuwa na stika nne za DHPPi+L na mbele ya sheria akahesabika hajachanjwa kabisa. Na kinyume chake kipo: mtu kachanja kichaa siku ya kampeni ya bure, parvo ikimuulia mbwa anakuja humu kulalamika "chanjo za serikali feki". Chanjo ya kichaa haizuii parvo, mkuu. Haikuahidi hivyo.

Ratiba. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Tano kwa moja inaanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya utotoni iangukie wiki ya 16 au baada yake. Anayekwambia "mbili zinatosha" mbwa akiwa na wiki 10 ama hajui kazi yake ama ana haraka ya mteja mwingine. Sababu ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mtoto wa mbwa anaponyonya siku ya kwanza anapata kinga ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, na kinga hiyohiyo ndiyo inayoikamata chanjo na kuimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Inapungua nusu kila baada ya siku 10 hivi. Inafika mahali imeshuka kiasi cha kushindwa kuzuia parvo halisi, lakini bado inatosha kuivuruga chanjo. Siku hizo mtoto yuko wazi pande zote mbili. Na ndugu wa tumbo moja hawaingii kwenye pengo hilo tarehe moja: aliyenyonya sana ana akiba ndefu, mdhaifu aliyesukumwa pembeni na wenzake akiba yake imeisha mapema. Kwa macho huwezi kujua nani yuko wapi. Ndiyo maana tunarudia mpaka wiki ya 16, wakati karibu wote wameishiwa na akiba ya mama.

Kwa hiyo yule anayeuza vibwa vya wiki 7 kwa tangazo la "fully vaccinated" anawadanganya mchana kweupe. Kibwa cha wiki 7 hakiwezi kuwa kimemaliza chanjo, hata kingechanjwa na malaika.

Baada ya wiki ya 16 kuna marudio moja akiwa na miezi 6 (ukichelewa, mwaka). Kisha distempa, homa ya ini na parvo zikiwa za virusi hai hazina haja ya kuchomwa kila mwaka. Miongozo ya chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, inasema zisirudiwe mara nyingi kuliko kila miaka 3. Ya kila mwaka ni leptospira, kinga yake fupi, na inaanza kwa dozi mbili zilizopishana wiki 2 hadi 4. Kwa baadhi ya chapa leptospira ndiyo kile kichupa cha maji kinachotumika kuyeyushia unga, na inaweza kuchomwa peke yake. Ulizeni. Wanaoiita leptospira mbwembwe za Wazungu wakumbuke Lindi, Julai 2022: wagonjwa 20, watatu wakafariki, watu wakitokwa damu puani. Sisemi mbwa ndio walioleta. Nasema mdudu yupo nchini, panya wanaye, na mbwa akimpata anamwaga kwenye mkojo uani kwako.

Mbwa mkubwa asiye na historia yoyote: tano kwa moja mara mbili zilizopishana wiki 2 hadi 4, kichaa mara moja. Basi.

Kichaa chenyewe: ml 1, chini ya ngozi au kwenye msuli kufuatana na karatasi ya kampuni, akifikisha wiki 12, na marudio baada ya mwaka. Zipo chapa zilizoandikwa miaka 3, hilo kweli, lakini anayekagua kitabu chako anahesabu mwaka. Na ml 1 ni ml 1. Chihuahua anapata ileile anayopata boerboel. Akikupunguzia nusu "kwa sababu huyu mdogo", ile nusu nyingine ina mteja wake.

Kuhusu baridi. Zote zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Chanjo ya unga (hiyo tano kwa moja) ukiishika, kidonge kiwe kikavu chini ya kichupa. Kikiwa kimenywea, kimenata ukutani au kina unyevu, irudishe. Ikishayeyushwa ichomwe ndani ya nusu saa, si "ngoja nimalizie wateja watatu". Ngozi isipakwe spiriti ikachomwa hapohapo, spiriti inaua virusi hai vya chanjo. Ya kichaa ni ya maji na virusi vyake vimeshauawa, adui yake mkubwa ni kuganda. Ile ya kuwekwa kwenye friza "ipoe vizuri" ndiyo imeharibika: itikise uone, mashapo yanashuka haraka na vipande vinabaki. Joto inalistahimili kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania na kuchapishwa 2016 uliiweka Nobivac Rabies kwenye nyuzi 25 kwa miezi 6 na nyuzi 30 kwa miezi 3, na mbwa waliochanjwa nayo wakapata kinga sawasawa. Hiyo ni habari njema kwa vijiji visivyo na umeme. Si ruhusa ya kuiacha kwenye dashibodi ya gari.

La mwisho kwa leo: ivermectin si chanjo. Ile "sindano ya kupe" ya elfu kadhaa ambayo mtu anapita nayo nyumba kwa nyumba na kugonga muhuri kitabuni ni dawa ya minyoo na wadudu. Haizuii kichaa, haizuii parvo, na kwa mbwa wa ukoo wa collie inaweza kumlaza moja kwa moja.

Nawasilisha.

#2 Bwana Mifugo wa Kata

Mkuu umetupiga kisawasawa, na mengi ni kweli. Ila wenye mbwa umewabeba mgongoni.

Siku ya kampeni mbwa analetwa na mtoto wa miaka minane kwa kamba ya katani, mbwa hajawahi kushikwa shingoni tangu azaliwe. Wanne kwenye kamba moja wanaanza kung'atana. Unataka tuchome ml 1 chini ya ngozi kwa utulivu hapo? Mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, kila mmoja na kamba yake, na mdomo ufungwe kwa bendeji: zungusha mara mbili puani, fundo chini ya kidevu, ncha zikafungwe nyuma ya masikio. Ukiacha kufunga nyuma ya masikio anaivua kwa kucha sekunde tatu.

Upande wetu nakiri haya. Chupa ya dozi 10 ikifunguliwa imalizike siku hiyohiyo. Sindano isiachwe imechomekwa kwenye kizibo, na kila mbwa na sindano yake. Chupa ikae kwenye kuluboksi kivulini, barafu imefungwa gazeti isiguse chupa.

Halafu hili la kurudisha vibwa nyumbani "mpaka wafike miezi mitatu" tuliache kwenye kampeni. Virusi vimekufa, hakiwezi kupata kichaa kwa kuchanjwa. Ukikirudisha leo, kampeni ijayo ni mwakani, na miezi yote hiyo kinazunguka jalalani bila kinga. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na mitaani vibwa ni wengi. Ukiwatoa hao, hesabu imekufa kabla hujafungua chupa. Pemba kampeni zilianza 2010, kichaa kikaisha 2014, kikarudi na kugunduliwa 2016, wakachanja upya mpaka kikaisha tena 2018. Kisiwa, na bado kilirudi. Sembuse sisi wa bara tusio na bahari ya kutuzungushia.

#3 Safari Ndefu

Naomba kuuliza, nahamia Ulaya na mbwa. Kitabu kiko safi, stika zote zipo. Nimeambiwa kichaa nirudie tena wakati kachomwa mwezi uliopita. Huu si wizi?

#4 Mwanzisha uzi

Chipu, kile kidude cha namba cha chini ya ngozi, aliwekewa lini, mkuu? Kama iliwekwa baada ya chanjo, kwa Umoja wa Ulaya chanjo hiyo haihesabiki, kwa sababu hakuna namba inayothibitisha aliyechomwa ni huyuhuyu. Chipu kwanza, ya tarakimu 15 ya kiwango cha ISO, isomwe kwa mashine, namba iandikwe kitabuni, ndipo kichaa. Siku 30 baada ya chanjo au zaidi damu inachukuliwa na kupelekwa maabara inayotambuliwa nao, kipimo cha kinga ya kichaa kifike 0.5 IU kwa ml. Kisha unasubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa, maana Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha yao ya nchi zilizopunguziwa masharti. Jumla ni miezi minne na ushee. Anayekwambia wiki tatu anamaanisha mbwa anayetoka nchi nyingine. Mwizi wako ni yule aliyechoma chanjo bila kuuliza chipu.

#5 Mama Vibwa

Parvo ilipita kwangu. Nimefua banda kwa sabuni na dettol, naweza kuleta mwingine?

#6 Bwana Mifugo wa Kata

Usilete. Sabuni inaondoa uchafu tu, virusi vya parvo havisikii hizo. Ukishasafisha mavi na uchafu wote, tumia jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji 30, iache ilowe dakika 10 kwenye sakafu na vyombo. Kwenye udongo na majani jiki haifanyi kazi, na virusi vinaweza kukaa hapo miezi mingi, hata mwaka. Ukilazimika, leta mbwa aliyekwisha maliza dozi ya wiki ya 16.

#7 Mlinzi wa Geti

Na mbwa aliyechanjwa akimng'ata mtu? Mtaani kwetu wanamuua palepale na kumzika.

#8 Mwanzisha uzi

Wakimuua wamejifungia njia ya kujua. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, saa iwekwe. Hakuna pilipili, hakuna mafuta ya taa, hakuna kukishona harakaharaka. Aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo aanze chanjo ya binadamu, asingoje kuona mbwa atafanya nini. Akienda na kitabu cha mbwa kinamsaidia daktari, ila stika haifuti safari ya hospitali. Mbwa afungwe peke yake siku 10, alishwe kwa mbali. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari ataamua dozi zilizobaki. Akifa au akiuawa kabla, asizikwe wala asichomwe moto: mwiteni mtaalamu wa mifugo achukue kichwa, kiende maabara kikiwa kwenye barafu. Msikikate wenyewe kwa panga, ubongo na mate ndimo virusi vilimo.